Windows N: soma hii kabla hujalipia

Ndugu zangu wa huku Ujerumani wananiuliza sana kuhusu leseni za Windows zenye herufi N mwishoni, Home N, Pro N, wanaziona mtandaoni na hawaelewi tofauti yake ni nini. Mimi naitumia kwenye laptopu ya kazi so ngoja niwaeleze ilivyo.

Ni Windows ileile, sema imetolewa vitu vya muziki na video. Media Player hamna, apu ya kurekodi sauti hamna, na kuna programu za watu wengine zinategemea hivyo vitu kwa hiyo nazo zinagoma. Dawa yake ni bure, kwenye Windows 10 unaingia setingi, sehemu ya apu, unatafuta vipengele vya hiari, unaongeza Media Feature Pack, unasubiri ishuke, unazima unawasha, basi, hapo inakuwa karibu sawa na Windows ya kawaida, japo apu chache huenda ukazishusha mwenyewe. Sasa mtu akitoa kitu halafu akakurudishia bure, alikitoa kwa nini?

Alilazimishwa. Machi 2004 Tume ya Ulaya, Mario Monti ndo alikuwa kamishna wa ushindani, iliipiga Microsoft faini ya euro milioni 497 kwa kutumia vibaya ukubwa wake sokoni, kesi yenyewe ilianza na malalamiko ya kampuni shindani ya seva, Sun Microsystems, 1998. Juu ya faini zikaja amri mbili. Ya kwanza, leteni Windows isiyo na Media Player, maana ukishaiweka ndani ya kila kompyuta inayouzwa, huyo mwenye RealPlayer, programu shindani ya kucheza muziki na video, atampata wapi mteja? Microsoft wakataka kuiita Reduced Media Edition, Tume ikakataa kwa sababu hilo jina peke yake linamfukuza mnunuzi, ikawa N.

Jina Tume wakalipigania lakini bei wakaiacha, na hapa ndo naumia kabisa. N iliuzwa bei sawa na Windows kamili na ile kamili ikabaki dukani palepale. Yaani chapati mbili bei moja, moja imemegwa, nani atachukua iliyomegwa? Kampuni za kompyuta hazikuitaka, wateja hawakuitaka, na mpaka leo bado inatengenezwa. Kama bidhaa naipa nyota mbili, na hizo ni kwa sababu ile paketi inashuka bila usumbufu.

Amri ya pili ndo ilikuwa na nyama. Microsoft watoe maelezo ya jinsi Windows inavyoongea na seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia zingine ofisini, ili wengine nao watengeneze seva zinazoelewana nayo. Walivuta miguu balaa, wakapigwa milioni 280.5 mwaka 2006, halafu milioni 899 mwaka 2008 kwa kutaka bei kubwa mno kwa hayo maelezo, mahakama ikaja kuipunguza hii ya mwisho hadi milioni 860. Lakini baada ya kushindwa mahakamani Septemba 2007 walilegea, na Desemba hiyohiyo watu wa Samba wakayapata kwa malipo ya mara moja ya euro 10,000. Samba ndo ile programu ya bure inayofanya seva ya Linux, mfumo wa bure unaoshindana na Windows, ionekane na mashine za Windows kama seva yao, mafaili yanafunguka, printa inachapa, ofisi ndogo au shule haihitaji kununua leseni ya seva. Hiyo nyota tano bila kufikiri, na ndo sababu siwezi kukubaliana na wanaosema hizi kesi ni kupoteza muda.

Kulikuwa pia na skrini ya kuchagua brauza, Microsoft waliiahidi Tume kwamba wataiweka kwenye Windows za Ulaya, ilianza Machi 2010, brauza 12, zile tano kubwa mbele kwa mpangilio unaobadilikabadilika. Ilikuwa nzuri na rahisi. Ila kuanzia Mei 2011 hadi Julai 2012 haikuwafikia watu milioni 15 hivi, na Machi 2013 ikaja faini nyingine ya milioni 561. Tume ilikaa mwaka mzima na zaidi bila kugundua, hilo halikubaliki hata kidogo.

Kwa anayenunua leo: angalia herufi N kwenye jina la leseni kabla ya kulipa. Kama bei ni ileile chukua isiyo na N. Kama ni rahisi kwa kiasi cha maana chukua, weka paketi siku hiyohiyo. Muuzaji akikwepa kukuandikia ni toleo gani, hamia duka lingine.