Kutumwa Dukani kwa Mara ya Kwanza: Vitabu vya Picha kwa Watoto wa Kisumu wa Miaka 3 hadi 6

Ingia duka la vitabu mjini Kisumu uulizie kitabu cha mtoto wa miaka minne. Aghalabu utatandikiwa vya a-e-i-o-u, vya kuhesabu hadi ishirini na vya kufuatisha herufi kwa penseli. Hivyo vina kazi yake PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Tunavyovipima hapa ni vya aina nyingine: hadithi za picha ambamo mdogo anatoka mlangoni, anakutana na dunia, kisha anarudi. Tumechukua vichache kutoka nje na hazina moja ya bure ya Kiafrika, na vyote tumeviuliza swali moja: je, hatua anayoipiga mtoto wa kitabuni ni hatua ambayo mtoto wa mitaa ya Nyalenda au Kondele hapa Kisumu anaweza kuipiga kesho asubuhi?

Swali hilo huangusha vitabu vingi vizuri kwa macho. Kuna vile vinavyomhubiria mtoto kila ukurasa kwamba yeye ni jasiri, yeye ni nyota, yeye anaweza. Anaweza nini? Havisemi. Mtoto anayejificha nyuma ya leso ya nyanya yake mgeni anapobisha hodi hahitaji sifa. Anahitaji kuona mwenzake akiogopa, akifanya jambo moja dogo, kisha jingine, mpaka akafika.

Kinacholifanya hilo kuliko vyote ni Miki's First Errand cha Yoriko Tsutsui wa Japani, picha za Akiko Hayashi. Miki ana miaka mitano. Mama yake ana mtoto mchanga, maziwa yameisha, na mikono ya mama imejaa. Anamtuma Miki dukani na sarafu mbili za yeni mia mia, kwa masharti mawili: angalia magari, usisahau chenji. Ni mzazi gani wa hapa asiyeyajua masharti hayo? Njiani baiskeli inapita kwa kasi naye anajibana ukutani. Akifika kwenye mwinuko anaanguka, goti linachubuka, sarafu zinabingirika. Hakuna mtu mzima anayejitokeza kumwinua. Anajiinua, anazitafuta pesa zake, anaendelea.

Ila kilele cha kitabu kiko dukani. Miki anaita, sauti haitoki vizuri. Anakuja mwanamume kununua sigara, anahudumiwa. Anakuja mama mmoja, naye anahudumiwa. Miki yuko chini, hakuna anayemwona. Hebu fikiria kioski cha mtaani kwetu chenye wavu wa chuma mbele na kidirisha cha kupitishia bidhaa kilicho usawa wa kifua cha mtu mzima. Mwenye duka huona vidole vinne tu vimeshika ukingo. Spika ya jirani inapiga muziki, boda boda inanguruma nyuma, na mtu mzima ananyoosha mkono juu ya kichwa cha mtoto: "Nipe unga." Kurasa hizo chache zinasema kweli kuhusu utoto wa Kisumu kuliko vitabu vingi vilivyochapishwa humu nchini.

Ukifika kwenye kurasa za dukani, simama. Usimalizie hadithi mbiombio. Mwambie mtoto amsaidie Miki kuita: kwanza kwa sauti ya kunong'ona, pili ya kawaida, tatu ya kufika kwa jirani. "Niuzie maziwa!" Watoto wengi waoga huitoa ile ya tatu kwa sababu wanamsemea Miki, hawajisemei wao. Baada ya kusoma mara tatu au nne kwa siku tofauti, nendeni kwenye kioski cha karibu. Mara ya kwanza simama hatua kumi nyuma, umpe pesa kamili isiyo na chenji. Akizoea, baki langoni. Chenji ije baadaye, akiwa anazitambua sarafu kwa kuziangalia, na barabara ya kuvuka isiwepo kabisa kati ya mlango wako na kioski. Kosa la kawaida ni kuruka hatua: mtoto anasomewa leo, kesho anatumwa na noti ya shilingi 200 na orodha ya vitu vitatu, anarudi bila sukari, anagombezwa. Hapo kitabu kimeharibiwa, na hatakitaka tena.

Kitabu kina kasoro zake. Michoro yake imejaa vitu vidogo vidogo, raha kwa mtoto aliyekaa mapajani, lakini ukikiinua mbele ya darasa la watoto thelathini, wa nyuma hawaoni kitu. Kisomewe watoto wasiozidi watano. Maneno ni ya Kiingereza na ni mengi kwa mtoto wa miaka mitatu, hivyo andaa Kiswahili chako mapema. Lenye kufurahisha ni kwamba Japani magari hupita upande wa kushoto kama kwetu, kwa hiyo unaweza kutumia picha za barabarani kufundisha pa kutazama bila kugeuza lolote.

Handa's Surprise cha Mwingereza Eileen Browne kilitoka 1994, na watoto wake ni Waluo. Handa anaweka matunda saba kapuni, anajitwika, anakwenda kijiji cha pili kwa rafiki yake Akeyo. Njia nzima anawaza ni lipi Akeyo atalipenda zaidi, na huku wanyama wanamwibia moja moja: tumbili anachukua ndizi, mbuni pera, pundamilia chungwa, tembo embe, twiga nanasi, swara ovakado, kasuku pasheni. Maneno hayawataji wanyama hata mara moja. Wizi wote uko kwenye picha. Mtoto asiyejua kusoma anajua jambo ambalo Handa hajui, na huko kujua kumzidi shujaa ndiko kunakomvimbisha kichwa kwa namna nzuri. Mwishoni mbuzi anakata kamba, anapiga pembe mti, machenza yanajaa kapu, na Akeyo anafurahi kwa sababu machenza ndiyo ayapendayo.

Msomaji ajifunge mdomo. Ukimwonyesha mtoto tumbili kabla hajamwona mwenyewe, umekula tunda lake. Soma sentensi, hesabu kimyakimya hadi tano, ndipo ufungue ukurasa. Kwa darasa, nunua matunda saba soko la Kibuye, yaweke kapuni, mtoto mmoja ajitwike, mwingine ayachukue kwa nyuma: saba, sita, tano, mpaka sifuri. Watoto wa PP2, mwaka wa pili wa chekechea, wanapata kutoa bila kuandika ubaoni. Nanasi likiwa ghali weka tunda la msimu, hadithi haivunjiki. Na usome kwa lugha ya nyumbani. Mtoto anayeyaita mapera hana haja ya kuanza kwa kukariri "guava".

Lawama yetu kwa kitabu hiki ni mandhari. Tembo, twiga na pundamilia wanaomfuata msichana wa Kiluo njiani ni mzaha wa mchoraji, na mtoto wa hapa ataukamata: "Mwalimu, tembo hakuwi hapo!" Mwache aseme. Tatizo linakuja kama hicho ndicho kitabu pekee rafuni chenye sura inayofanana na yake, maana nyumba zote ni za nyasi na hakuna bati, tuktuk wala nguzo ya stima. Kiwekwe karibu na kingine cha mjini.

Jabari Jumps cha Gaia Cornwall, cha 2017, ni cha Marekani lakini jina la shujaa limetoka kwetu. Jabari amefaulu mtihani wa kuogelea na anasema yuko tayari kuruka kutoka kwenye ubao mrefu wa bwawa. Kisha zinaanza sababu: apumzike kidogo, afikirie aina ya mruko, ajinyooshe kwanza. Mzazi yeyote anazijua sababu hizo. Zinafanana na kiu ya ghafla ya mtoto aliyeambiwa aende kulala. Uzuri ni kwamba baba hamcheki wala hamsukumi. Anakiri hata yeye huogopa, anamfundisha kuvuta pumzi ndefu na kujiambia yuko tayari. Halafu tunaona vidole vya miguu vimeng'ang'ania ukingo wa ubao, na maji mbali chini.

Kwa darasa kubwa hiki ni bora kuliko cha Miki, kwani picha zake zinasomeka kwa mbali. Pia ni kitabu adimu chenye baba anayekaa na watoto wake wawili bila mama kuwepo wala kutafutwa. Lakini tahadhari moja, tena kwa wanaoishi Dunga, Usoma na fuo zote za ziwa: mtoto aliyesikia hadithi ya kuruka majini ana bwawa gani la kurukia? Ana ziwa, lenye viboko na magugu, lisilo na mwokoaji. Hamishia mruko nchi kavu. Ngazi ya mwisho ya bembea, kigogo kilicholala, ukingo wa veranda usiozidi goti lake. Na kamwe usiseme, "Ona Jabari ameruka, wewe je?" Ukisema hivyo kitabu kinageuka fimbo.

Rosie's Walk cha Pat Hutchins kina maneno 32 tu na ni cha tangu 1968. Kuku anatembea, mbweha anamnyemelea na kuumia kila hatua, kuku hana habari. Kwa Kiswahili kinanoga kuliko kwa Kiingereza, maana vile vineno vya mahali vinageuka vitendo: akakatiza, akazunguka, akapanda, akapenya. Watoto waigize chini ya meza na kuzunguka viti. Kwa miaka mitatu, anza na hiki.

Owl Babies cha Martin Waddell, kwa upande mwingine, hatushauri ukinunue kabla hujaongea na wakubwa wa nyumbani. Ni kitabu kizuri sana cha mtoto anayeachwa na mama kisha mama anarudi, kinafaa mno wiki ya kwanza ya chekechea. Lakini wahusika ni bundi. Kwenye nyumba nyingi za magharibi mwa Kenya bundi akilia juu ya paa watu wanamfukuza na kuuliza nani anaumwa. Nyanya akiona bundi watatu jaladani, kitabu kitatolewa nje kabla ya ukurasa wa pili. Usimlaumu.

Sasa pesa. Vitabu hivi vya nje havipatikani kirahisi Kisumu, mara nyingi ni kuagiza. Kwa asiyeweza, African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi za picha za bure kwenye intaneti kwa Kiswahili, Dholuo, Lubukusu, Oluwanga na lugha nyingine nyingi. Kuna viwango vitano, kuanzia maneno ya kwanza hadi za kusomewa na mkubwa. Leseni yake inaruhusu kuchapa na hata kubadili maneno mradi utaje waliotunga na kuchora. Ubora unapanda na kushuka. Utakuta picha ya mvulana na maneno ya msichana, utakuta Kiswahili kilichotafsiriwa kikavu. Soma chote kabla ya kuchapa, rekebisha sentensi, na tafuta zile ambazo mtoto mwenyewe ndiye anayetenda: anateka maji, anapeleka ujumbe, anapotea sokoni kisha anajitokeza. Hadithi ambayo baba au mwalimu anatatua kila kitu ukurasa wa mwisho, iache.

Saiba nyingi, yaani vibanda vya kompyuta na kuchapa, huharibu kijitabu kwa jambo moja. Ukitaka kurasa 16 za ukubwa wa A5 unahitaji karatasi nne za A4, zilizochapwa pande zote mbili kwa mpangilio wa kijitabu, na printa iambiwe igeuze karatasi kwa upande mfupi. Ikigeuza kwa upande mrefu, kurasa za nyuma zinatoka kichwa chini na umelipia rangi bure. Chapa karatasi moja kwanza, ikunje, itazame. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, ikipungua ongeza ukurasa mtupu wa mtoto kuchora. Karatasi ya gramu 80 inaonyesha picha ya upande wa pili, hivyo omba ya 100 ikiwepo, na jalada liwe manila.

Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo, kwa sababu mkunjo uko karibu sentimita 15 kutoka ukingoni. Ifungue mkono wake, laza karatasi juu ya kipande cha sponji, jalada likiwa juu, bonyeza pini mbili kwenye mstari wa mkunjo, kisha geuza na ukunje ncha kwa kijiko. Au toboa matundu matatu ushone kwa uzi wa viatu, ambao hudumu zaidi. Pini hushika kutu haraka kwenye unyevunyevu wa ziwa na kuchoma vidole, kwa hiyo zifunike kwa seloteipu ndani na nje. Laminesheni (kufunika kwa plastiki) ya kurasa zote haina faida kwa kijitabu cha kukunja. Inavunjika mkunjoni na maji yanaingia. Laminisha jalada peke yake, ukate kingo mviringo.