Nimebadili vyuma vya dhahabu kwenye Les Paul yangu: Gotoh, Grover na sonara mmoja wa mjini

Gitaa langu ni la umeme, Epiphone Les Paul Custom nyeusi tii, ile iliyotengenezwa Korea, nililinunua mkononi mwaka 2005 kwa mpiga rizimu mwenzangu alipoamua kuachana na muziki, na tangu siku hiyo sijapanda jukwaani na gitaa lingine. Nikisafiri linakaa na mimi kwenye siti, haliingii kwenye buti la basi hata konda akasirike vipi. Kwahiyo hii rivyu ya vyuma nilivyoliwekea mwaka jana naiandika kama mtu mwenye uchungu na mali yake, na ningeshukuru sana kama kuna mtu angeniandikia mimi kitu kama hiki kabla sijamwaga hela mara ya kwanza.

Kwa wasiolijua, Les Paul Custom ni weusi na dhahabu, ukitoa kimoja umeliharibu. Kampuni ya Gibson ya Marekani walipolitoa mwaka 1954 walilifanya hivyo makusudi, mzee Les Paul mwenyewe, mpiga gitaa ambaye gitaa lina jina lake, alitaka jeusi ili chini ya taa za jukwaani watu waone mikono ya mpigaji inavyotembea, na vyuma vyake vyote vikawa vya dhahabu pamoja na lile daraja la Tune-o-matic, kile chuma ambacho nyuzi zinalala juu yake, ambalo siku zile lilikuwa kitu kipya. Epiphone ni mali ya Gibson tangu 1957 ndo maana yetu sisi wenye mfuko wa kawaida inafanana na ile ya kaka yake.

Tatizo ni Pwani. Mimi naishi Kigamboni, Dar es Salaam, napiga harusi na sendofu, kila shoo navuka na pantoni gitaa liko mgongoni, usiku wa manane narudi nalo limeloa jasho la mkono wangu na upepo wa bahari unalipiga tena. Chumvi ya mwili, chumvi ya maji. Miaka kama 17 ya hivyo, vyuma vilikuwa vimeoza kwa rangi tatu tofauti na ukivijua hizo rangi unajua chuma chako ni cha nini: skrubu zilikuwa na kutu ya kahawia, hizo ni chuma cha kawaida, kwenye kingo za kava za pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, kulikuwa na ukijani ule wa sufuria ya shaba iliyosahaulika, na daraja lilikuwa limeota unga mweupe kama majivu, huo ni zinki. Dhahabu yenyewe haiozi. Ila ya kwenye magitaa ni ya kuchovya, tena nyembamba kweli, mara nyingi haifiki hata mikroni 1, unywele wa kichwani kwako ni mnene mara hamsini au zaidi ya hapo, sasa pale kiganja kinapolala kila siku inalika yenyewe tu na ikishalika chumvi inaingia chini.

Ningevumilia sura. Nilishindwa kuvumilia uzi wa tatu. Lile daraja lina vidaraja vidogo sita, kila uzi na chake, kila kimoja kina skrubu ya kukisogeza mbele na nyuma ili noti ikae sawa shingo nzima, sasa skrubu ya uzi wa tatu ilikuwa imegandana na kutu haizunguki, bisibisi inakula kichwa tu. Nikipiga chini kwenye freti za mwanzo, vile vyuma vilivyokatiza shingo, niko sawa, nikipanda juu kwenye solo ule uzi unakwenda juu ya sauti, na kwenye dansi solo inakaa juu huko huko dakika tano nzima mnaelewana? Mpiga besi wetu alikuwa ananiangalia tu.

Mara ya kwanza nikaagiza seti kamili mtandaoni, duka silitaji, seti ya bei ya chee ina kila kitu, daraja, teilpisi ile inayoshika vishina vya nyuzi, funguo sita za kutyunia, hadi skrubu. Kwenye picha inawaka. Ilipofika nikalishika lile daraja nikalitikisa karibu na sikio, linalia cheke cheke kama kiberiti. Nilipaswa kusimama hapo hapo. Nikafunga hivyo hivyo, uzi wa kwanza ukawa unalia zzzii kama una nyuki ndani kwa sababu kile kijimfereji unacholala uzi kilikuwa kimechongwa kipana, na mwezi wa pili ile "dhahabu" ikaanza kubanduka vipande vipande, vipande kabisa, kama rangi ya kucha, yaani ilikuwa rangi ya njano iliyopuliziwa juu. Funguo nashukuru sikuzifunga maana tundu zake za skrubu zilikuwa zinaangalia upande mwingine, ningelazimika kutoboa kichwa cha gitaa langu upya na hilo siwezi kulifanya kwa ajili ya kitu cha bei ile. Nikarudisha daraja la zamani na kutu yake.

Akili iliyofuata ikawa sonara. Mjini masonara wapo wengi, wanachovya pete na cheni kila siku, nikasema kwanini nisichovye vyuma vyangu vya asili? Nikampelekea mzee mmoja, shikamoo mzee, marahaba, nikamwaga vyuma vyote kwenye kitambaa juu ya kioo. Akachukua kile kikuzio chake akaviangalia kimoja kimoja taratibu sana, akalitenga daraja na teilpisi pembeni. "Hizi mwanangu ni zinki. Nikizitia kwenye dawa yangu zitanimong'onyokea. Hizi kava nipe, hizi ni shaba zimechanganywa, zinapokea dhahabu vizuri." Huo ndio ushauri bora nilioupata kwenye safari nzima hii na hakunitoza hata senti kwa ushauri. Akazing'arisha, akatoa ule ukijani wote, akazichovya. Siku ya tatu nimekwenda kuzichukua nilikaa nazo tu kwenye pantoni mkononi nimezifunga kwenye karatasi, kila dakika nazifungua.

Na kwa kava hiyo ndiyo njia ninayowashauri kabla hamjakimbilia kununua mpya. Kwanza tundu za zile skrubu sita za pikapu haziko sawa kwa magitaa yote, kuna kava za milimita 50 toka tundu la kwanza hadi la mwisho na kuna za 52, ukikosea haziingii. Pili kava za bei rahisi nyingi ni za brasi nene, yaani shaba na zinki, na brasi inameza ile sauti kali ya juu, gitaa linakuwa kama limefunikwa blanketi. Kava nzuri ni za nikeli silva, ambayo licha ya jina haina fedha ndani yake, ni shaba, nikeli na zinki. Ukichovya za kwako za zamani sauti inabaki ile ile uliyoizoea. Kuzitoa tu ndo kazi, zimeshikwa kwa risasi nyuma ya pikapu, nilimpa fundi redio ana mkono mwepesi akazifungua na kuzirudisha bila kuunguza waya wa koili, waya ule ni mwembamba kuliko uzi wa kushonea.

Sasa daraja, teilpisi na funguo. Hivi nikaamua ninunue vya maana. Binamu yangu yuko Hamburg alikuwa anakuja likizo, nikamtumia hela akaniletea daraja la Gotoh, kampuni ya Japani, GE103B la dhahabu, teilpisi ya Gotoh GE101A ambayo ni ya alumini, na funguo za kampuni ya Grover, Rotomatic zile za 18 kwa 1. Jumla ilikaribia laki tano za Kitanzania, na najua kwa wengi wetu laki tano ni gitaa zima. Nimeilipa kwa shoo za miezi minne na sijuti.

Kabla ya kuagiza nilipima, na hiki kipimo naomba mkichukue. Magitaa ya Marekani yanatumia bolti za inchi, ya Asia mengi ni za milimita, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mimi nilienda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua bolti ya milimita 8, ile ya spana namba 13, jero tu, nikaijaribu kwa vidole kwenye bushi ya teilpisi, kile kibomba cha chuma kilichomo kwenye mbao ambacho bolti inaingia. Ikizama yote laini, gitaa lako ni la milimita. Ikizunguka mara mbili ikakaza, ACHA, ni la inchi, ukilazimisha unaua meno ya ndani ya bushi. Yangu ilizama kama siagi. Kwa hiyo bushi za zamani sikuzing'oa kabisa, na hilo lina faida nyingine kubwa: kwenye Les Paul ule waya wa ethi unapita ndani ya mbao na kugusa bushi moja ya teilpisi, ukiing'oa vibaya waya unarudi ndani na gitaa linaanza kuvuma kwenye ampu kama transfoma.

Kufunga ilinichukua Jumapili moja baada ya ibada. Nilipima kwanza kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12 kwa rula nikaandika kwenye daftari, nikapiga picha, nikabandika masking tepu kwenye mwili wote pale karibu na daraja, maana bisibisi ikiteleza kwenye weusi ule mkwaruzo hautoki. Daraja la Gotoh nililitikisa sikioni. Kimya. Hakuna kinachocheza. Vidaraja vyake vimekatwa sawa, skrubu zinazunguka kwa ulaini unaouhisi mpaka kwenye vidole, na nikakaa kuset intonesheni uzi mmoja mmoja, unapiga hamoniki ya freti ya 12, yaani unagusa uzi kidogo bila kuubonyeza, kisha unaibonyeza hiyo hiyo freti ya 12, noti ya kubonyeza ikiwa juu unakirudisha kidaraja nyuma kuelekea teilpisi, ikiwa chini unakisogeza mbele kuelekea shingo. Uzi wa tatu nilipoupata, nikapanda nao mpaka freti ya 15, ya 17, upo, nikaita watu wa nyumbani waje wasikilize. Mke wangu akasema, "Huyo sasa ndiye wa zamani."

Funguo za Grover zimeingia kwenye tundu zile zile na skrubu zile zile, hapo sina la kuongeza zaidi ya kwamba 18 kwa 1 maana yake unazungusha sikio la ufunguo mara 18 ndipo kile kinguzo kinachozungusha uzi kizunguke mara moja, kwahiyo kutyuni kunakuwa kwa taratibu na unafika pale pale unapopataka. Kwenye ukumbi una joto na feni zinapuliza zimekaa vizuri wimbo baada ya wimbo.

Sauti je? Nitasema ninachosikia kwa masikio yangu kwenye ampu yangu. Teilpisi ya alumini ni nyepesi, nililiomba mizani ya yule sonara tukapima, haikufika nusu ya uzito wa ile ya zinki, na gitaa likipigwa bila ampu limefunguka zaidi, nyuzi za juu zinaita mapema, zile noti za haraka za sebene zinasikika moja moja. Siyo gitaa jipya. Ila mengi ya mabadiliko naamini yanatokana na daraja lisilocheza na nyuzi zilizo kwenye tyuni, siyo dhahabu. Dhahabu ni ya macho na ya moyo, na mimi vyote viwili vinanihusu, kama angekuwepo mtu wa kuniuliza mbona usingeweka krome tu ya bei nafuu isiyofubaa ningemwambia hili ni Custom.

Matunzo sasa hivi ni haya: kila nikimaliza shoo nafuta vyuma na nyuzi kwa kitambaa kikavu cha tisheti ya pamba kabla hata sijakunja nyaya, na ndani ya kesi nimeweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, naomba kwa wauza viatu wananipa bure. Dawa ya kung'arishia shaba na dawa ya meno USIGUSE nazo dhahabu ya kuchovya, zote zina mchanga-mchanga, zitaing'arisha mpaka iishe. Imepita miezi 14, nimeangalia pale kiganja kinapolala, bado ipo.

Kama una Les Paul ya Asia na daraja limekufa, anza na daraja peke yake, Gotoh hiyo ukiipata, funguo zisubiri, kava mpe sonara. Vya zamani usitupe, vyangu viko kwenye kopo la maziwa kabatini na kila kimoja nimekiandika kilipotoka.

Vitufe vya mkanda ndo bado. Tundu la chini limelegea, inabidi nilijaze njiti za kiberiti na gundi ya mbao kwanza ndo nifunge vya dhahabu, saa hizi natembea na kile cha zamani cheusi na kinashika.