Daktari nyota tano, dirisha la bima nyota mbili

Nimekwenda kwenye kliniki hii ya mgongo hapa Kampala mara nne tangu mwezi wa nane. Jina lake naliacha, maana mwenye lawama nyingi ni binti mmoja wa dirisha la bima, na yeye tumeshapatana.

Mimi ni wakala wa forodha Malaba, mpakani na Kenya. Siku hiyo niliinama kuangalia lakiri ya kontena, na wakati wa kuinuka kiuno kikakataa. Kufika jioni maumivu yalikuwa yameanzia tako la kulia, yakapita nyuma ya paja na shavu la mguu hadi kidole kidogo. Wiki mbili za vidonge vya duka la dawa na mafuta ya kuchua hazikunisaidia kitu. Kutoka Malaba hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200. Kwenye taksi nililipa nafasi mbili ili nijilaze ubavu, na kondakta akadhani nina mimba.

Nianze na wanachokijua. Daktari hakukimbilia mashine. Aliniuliza kwanza kama mkojo unanitoka bila kujua, na kama sehemu inayokaa kwenye tandiko la baiskeli imekufa ganzi. Ningesema ndiyo, alisema, nisingelala nyumbani usiku huo, ningepelekwa hospitali kubwa mara moja. Akagonga kano ya kisigino kwa kinyundo: mguu wa kushoto ukaruka, wa kulia ukanyamaza. Akaniambia nisimame kwa ncha za vidole vya mguu wa kulia peke yake. Nilishindwa, nikashika meza. Akaandika "S1", jina la mzizi wa neva wa chini ya kiuno, kwenye karatasi hata kabla ya MRI, picha ya mashine ya sumaku, na MRI ikamkubali: diski, yaani mto laini wa kati ya pingili, iliyo kati ya L5 (pingili ya mwisho ya kiuno) na S1 (ya chini yake) imepasuka, kiini chake kimetokeza na kuibana neva ya kulia. Ya juu yake, L4-L5, imetuna tu na haijagusa kitu.

Nikamuuliza tofauti ya kutuna na kupasuka. Akanijibu kwa lugha ya kazi yangu: gunia la maharagwe lililokaa chini ya mengine hutuna ubavuni, lakini maharagwe yamo. Lililofumuka mshono, maharagwe yako sakafuni. Akaongeza kwamba watu wengi wasio na maumivu yoyote wana diski zilizotuna, kwa hiyo hiyo ya juu nisiihesabu kuwa ugonjwa. Hakutaja kisu. Alinipa mazoezi, dawa, na wiki sita za kuvumilia.

Lawama yangu pekee kwa upande huo ni mabenchi ya kusubiria. Kliniki ya mgongo, mabenchi hayana migongo.

Sasa dirishani. MRI ilikuwa shilingi 650,000, na bima ya ofisi yetu ndiyo ilipaswa kulipa. Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu: dai limekataliwa. Narudi Kampala, naomba kuona fomu. Kwenye nafasi ya ugonjwa kumeandikwa M54.5.

Hapa kazi yangu ilinifaa. Sisi wa forodha tunaishi kwa namba za HS, namba za kimataifa za kutambulisha bidhaa. Ofisini tunaziita "kodi za HS", na wateja huchanganyikiwa kwa sababu kodi wanayoijua wao ni ile ya kulipa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Kwa hiyo hapa nitasema misimbo. Gari la abiria ni 8703, la mizigo ni 8704. Ukikosea tarakimu hiyo moja, gari ni lile lile lakini ushuru unabadilika na mteja anakesha mpakani. Nikajua kabla sijaambiwa kwamba tatizo langu ni la aina hiyo.

M54.5 maana yake ni maumivu ya kiuno, basi. Hayo ndiyo niliyokwenda nayo, lakini si yaliyoonekana. Bima wakasema maumivu ya kiuno peke yake hayalipiwi MRI, na kwa karatasi ile hawakuwa na kosa. Nikamwambia binti, akasema, "Nnyabo (yaani mama), mfumo ndio umechagua." Akarekebisha mwenyewe, akatuma tena.

Safari hii bima wakataka ripoti ya polisi! Pia barua ya mwajiri kueleza ajali ilitokeaje. Nikacheka hadi mgongo ukanikumbusha hali yangu. Binti alikuwa ametafuta neno "kupasuka" kwenye orodha, likampeleka S33.0, ambayo ni diski ya kiuno iliyopasuka kwa kuumizwa. Herufi S ni ya majeraha. Mimi sikuanguka kwenye lori wala sikugongwa na boda.

Mara ya tatu nilivuta kiti, nikakaa naye upande wake wa dirisha, tukafungua ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Iko wazi mtandaoni bila malipo. Mapema alikuwa amepata M51.27 kwenye Google na mfumo wa bima ukaitema. Nikamwonyesha kwamba hiyo ni ya toleo la Wamarekani, lenye tarakimu za ziada za kutaja ni pingili zipi. Ya kwetu inaishia tarakimu moja baada ya nukta.

Ukishaielewa, si ngumu. Diski za shingo ni M50, za chini ya hapo ni M51. Tarakimu inayofuata haiulizi gunia limetuna au limefumuka. Inauliza limemwangukia nani. 0 ni ugwe mgongo wenyewe, ile kamba ya neva iliyo ndani ya mifupa ya mgongo, umeathirika, 1 ni mzizi wa neva, 2 ni diski imehama mahali pake tu, 3 ni imechakaa. Mguu wangu unauma hadi kidole kidogo na kisigino hakiruki, kwa hiyo ni M51.1. Ina alama ya msalaba, na mwenzake ni G55.1 yenye nyota: ya kwanza inataja chanzo, ya pili inataja mzizi wa neva ulioumizwa. Tena chini ya M54.5 kitabu chenyewe kimeandika kwamba maumivu ya kiuno yanayotokana na diski iliyohama hayaandikwi hapo, yaende M51.2. Binti akasoma mstari huo mara mbili.

"Kwa hiyo wote niliowaandikia M54.5…" akasema, akaacha hapo. Sikumuuliza ni wangapi.

Dai likapita baada ya siku tisa. Shida kubwa, kwa maoni yangu, si yule binti. Daktari aliandika maneno mazuri kabisa kwenye faili, "diski L5-S1, neva ya kulia", lakini hakuna aliyempa binti faili lile. Alikuwa na risiti ya MRI na karatasi ya mapokezi, ambapo mimi mwenyewe nilisema "kiuno kinauma". Mtu wa forodha akipewa risiti bila hati ya shehena naye ataandika upuuzi.

Ukienda huko, fika kabla ya saa mbili asubuhi, beba mto wa kukalia, na usiondoke dirishani kabla hujaona kilichoandikwa kwenye nafasi ya ugonjwa. Omba nakala ya fomu. Wanatoa ukiomba, hawatoi usipoomba.

Mara ya nne nilikwenda kwa ajili ya mazoezi tu. Kidole kidogo bado kina ganzi kidogo, ila sasa nasimama kwa ncha ya mguu wa kulia na kuhesabu hadi nane. Nikapita dirishani kusalimia. Pembeni ya kompyuta alikuwa amebandika karatasi ya njano yenye M51.1 kwa kalamu nyekundu, na chini yake, kwa mwandiko wa mtu mwingine: "Faili la daktari liko wapi?"