Harrier, X5 na wenzao: tairi lipi la bei mbaya linastahili hela yako

Kabla ya kuuliza bei, chuchumaa. Washa tochi ya simu, tafuta herufi DOT kwenye ukuta wa tairi, kisha soma tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 2324, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2024. Usipoziona, zungukia upande wa pili, maana mara nyingi huandikwa upande mmoja tu. Mimi niliwahi kuuziwa Kariakoo matairi "mapya kabisa", stika zinang'aa, nikalipa nikiwa nimesimama wima. Fundi pancha wa mtaani kwetu ndiye aliyenisomea: yalikuwa na miaka mitano. Kashata (zile nakshi za mpira zinazogusa lami) nzima, ila mpira ulishakakamaa, na masika yalipoanza gari likawa linateleza kila nikikanyaga breki.

Hapa nazungumzia SUV za lami: Harrier, Forester, CX-5, X3, X5. Kama kila wiki unakwenda shamba kwa njia ya mawe, acha haya yote, tafuta tairi la A/T, yaani la njia za kila aina, lenye kashata nene, na hela itakayobaki nunulia mafuta.

Muuzaji ataanza na spidi. Kwenye ukuta wa tairi, herufi V ni kasi ya juu ya kilomita 240 kwa saa, W ni 270, Y ni 300. Utazikimbizia wapi, Chalinze? Unacholipia kwenye tairi la hadhi ni kusimama kwenye lami iliyolowa. SUV ni nzito na ndefu kwenda juu, na ukitoka spidi 80 kwenda 100, umbali wa kusimama tangu breki ishike unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Mpira uliochanganywa na silika (unga wa madini, silica) nyingi hung'ang'ania lami yenye maji, na mifereji mipana katikati ya tairi huyatoa maji kabla gari halijaanza kuelea juu yake. Kwa hiyo nimepanga kwa kigezo hicho kwanza, halafu utulivu kwenye barabara zetu, halafu bei.

Ya kwanza kwangu ni Continental PremiumContact 6, au 7 ukiipata kwa saizi yako. Jina lake halina mbwembwe za michezo, ila kwenye mvua inakamata, na juu ya rasta, yale matuta madogo ya kufuatana, haikutikisi meno. Kasoro yake ni kwamba inalika mapema kuliko Michelin. Wakubwa wanaokumbuka kiwanda cha General Tyre pale Arusha wataipenda kwa sababu nyingine: Continental ndiyo iliyoinunua General Tire ya Marekani mwaka 1987.

Michelin Pilot Sport 4 SUV naiweka ya pili, na najua wenye X5 na Cayenne watanuna. Ndani yake kuna mkanda wa aramidi na nailoni unaolizuia tairi lisitanuke likienda kasi, ndiyo maana usukani unajibu papo hapo kwenye kona kama za mlima Kitonga. Ni tairi zuri kweli. Lakini ni gumu kidogo kwenye viraka, na kwa Harrier ya kupeleka watoto shule ni kuvaa suti kwenda sokoni.

Bridgestone Alenza 001 ni ya tatu, chaguo la anayechukia kelele za tairi. Pirelli ya nne, ila angalia jina lote: Scorpion Verde imetengenezwa kubana mafuta, Scorpion Zero ndiyo ya kasi. Dukani zote mbili zitaitwa "Scorpion" tu, basi soma mwenyewe.

Ya tano ni Yokohama Geolandar X-CV, na hapa ndipo ningemwambia ndugu yangu asimame kama bajeti imebana. Ina alama ya M+S, yaani tope na theluji, kwa hiyo kipande cha vumbi cha kufikia nyumbani Goba hakiisumbui.

Saizi usiibadilishe kwa ajili ya urembo. Harrier ya 235/55R18 (upana milimita 235, ukuta asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 18) ina ukuta wa tairi wa milimita 129. Ukivalisha ringi 20 zenye 245/45, ukuta unabaki milimita 110, na sentimita hizo mbili ndizo zilizokuwa zinapokea shimo badala ya rimu. Angalia pia namba iliyo kabla ya herufi ya spidi: 100 ni kilo 800 kwa kila tairi. Usishuke chini ya ile iliyoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva, hata muuzaji aape.

Hela ikitosha mawili tu, mafundi wengi watakuambia uyafunge mbele kwa sababu ndiko injini inakovuta. Kataa, mapya yakae nyuma. Mbele ikiteleza, unapunguza mafuta na gari linarudi. Nyuma ikiteleza kwenye mvua, unageuka ukatazama ulikotoka. Mwenye Forester hana hata hiyo nafuu: magurudumu yote manne yanavuta muda wote, na tairi moja jipya kati ya matatu yaliyolika linaisumbua difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu. Huyo anunue manne, au asubiri mshahara.