Ndege ya kwanza kwa shirika la mchezoni lenye kituo Mtwara: ipi inalipa?

Mchezaji anayefungua shirika la ndege katika mchezo wa kompyuta na kuichagua Mtwara kuwa kituo chake huanza na mtaji mdogo mbele ya orodha ndefu ya ndege, na kosa linalowamaliza wengi ni kuisoma orodha hiyo kwa kutazama bei peke yake. Mimi mwenyewe nililifanya. Nilinunua Boeing 737-200 mbili za mtumba kwa kuwa hapakuwa na ndege nyingine ya viti zaidi ya 100 iliyouzwa kwa bei ile, nikazipangia safari za Dar es Salaam asubuhi na jioni, na kabla mwezi wa mchezo haujaisha akaunti ilikuwa imekauka, kwa sababu ndege ambayo uzalishaji wake ulikoma mwaka 1988 inakunywa mafuta mengi na kila mara inadai matengenezo. Hiyo naiweka mwisho kabisa.

Kipimo cha kutumia ni gharama kwa kila kiti chenye mtu. Mtwara na Dar es Salaam zimeachana kwa takriban kilomita 400 angani. Boeing 737-800 inatumia karibu kilo 3 za mafuta kwa kilomita, na ATR 72-600, ambayo ni ya pangaboi, inatumia karibu kilo moja na nusu. Ukizijaza zote, ile ya jeti yenye viti 189 inagharimu gramu 16 hivi za mafuta kwa abiria kwa kila kilomita na ATR ya viti 70 gramu 21, na hapo ndipo wengi wanapovutiwa na jeti. Lakini zipakie abiria 60, idadi ambayo ruti yangu ilikuwa ikinipa siku za kawaida, na jeti inapanda hadi gramu 50 huku ATR ikibaki kwenye 25. Hesabu hiyo hata haijagusa mafuta ya kupaa, ambayo katika safari fupi hivi huiumiza jeti zaidi, kwani inamaliza kupanda na muda si mrefu inaanza kushuka.

Kwa sababu hiyo nafasi ya kwanza naipa ATR 72-600 bila kusita. Ya pili ni Dash 8 Q400, yenye viti 76 hivi na kasi inayofikia kilomita 660 kwa saa dhidi ya 510 za ATR. Inakula mafuta mengi zaidi kwa saa, ila inafika mapema. Tatizo ni kwamba katika kilomita 400 mapema hiyo ni dakika kumi na moja tu, nazo zinaishia uwanjani abiria wakishuka na mizigo ikipakuliwa. Yule ambaye ratiba yake imebana kiasi kwamba dakika hizo zinampa safari moja ya ziada kwa siku, achukue Q400.

Cessna 208 Caravan, yenye injini moja na viti 12 hivi, naiweka ya tatu, na ni kwa ajili ya Lindi, Kilwa Masoko na Mafia peke yake. Ukiipeleka Dar es Salaam kutoka Mtwara itachukua zaidi ya saa moja na mapato hayatatosha kumlipa rubani.

Airbus A220-300 ni ndege nzuri iliyowekwa mahali pabaya. Isubiri ruti ndefu, kama Dar es Salaam hadi Johannesburg, takriban kilomita 2,400, ambako injini zake za kisasa zinapata nafasi ya kurudisha gharama.

Tahadhari kwa wenyeji: mchezo ninaocheza haujui korosho. Oktoba minada ikifunguliwa na Mtwara halisi ikajaa wanunuzi, abiria kwenye skrini hawaongezeki hata mmoja, hivyo asiongeze mtu ndege kwa matumaini hayo.

Kuhusu malipo, kodi ndege ya kwanza hata kama fedha za kununua unazo, kwa sababu akiba ndiyo inayolipa mafuta na mishahara kabla ruti haijazoeleka. Weka ndege zote za aina moja ili mafundi na vipuri viwe vya aina moja. ATR ya pili ije pale tu ambapo ya kwanza imeruka wiki mbili mfululizo ikiwa na abiria wasiopungua 55.