Gari ya familia kwa sisi wa Kigoma: ipi uichukue kwanza, ipi uwaachie watu wa Dar

Kila Desemba ikikaribia napigiwa simu na ndugu au jirani, swali ni lile lile, kaka nimekusanya hela kidogo nataka gari ya familia nichukue ipi, na kabla sijajibu ameshanitumia picha tano za gari zinazong'aa kwenye yadi za Dar. Mi huwa namuuliza kwanza mko wangapi nyumbani na mnaenda wapi, maana gari nzuri ya mtu anayekaa Sinza na kufanya kazi Posta sio lazima iwe nzuri kwa mtu wa Gungu ambaye bibi yake yuko Buhigwe na shamba lake liko njia ya Ilagala.

Hili nimelijua kwa maumivu. Gari yangu ya kwanza ilikuwa saluni ya chini, nzuri, viti vya ngozi, nikaipenda kwa macho. Siku tumepata msiba wa mjomba kijijini tulikuwa watu nane, tukaingia watano, watatu wakapanda bodaboda kwenye mvua akiwemo mama yangu mdogo, na bado kabla hatujafika jiwe likatoboa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili yote ikabaki barabarani. Tulifika watu wameshatoka makaburini. Tangu siku ile siangalii tena gari kwa macho, naangalia siti, uwazi wa chini, na kama fundi wa hapa Mwanga anaijua injini yake.

Nikisema gari mpya hapa namaanisha used ya Japan ambayo haijasajiliwa bado nchini, ndio mpya ya wengi wetu. Na nyingi tunazozimudu zimezidi miaka 10, kwa hiyo ushuru lazima uujue kabla hujatuma hela. Kuna ushuru wa forodha 25%, halafu juu ya thamani ya gari pamoja na ushuru huo unakuja ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, 5% kwa cc 1,001 mpaka 2,000 na 10% ikizidi hapo, na 30% ya uchakavu kwa gari iliyopita miaka 10, halafu VAT 18% juu ya mkusanyiko wote huo. Piga hesabu ya gari iliyothaminishwa milioni 10 yenye injini ya 2.0, unalipa kama milioni 9.9, yani unainunua mara mbili, na ikiwa ya 2.4 inakuwa kama milioni 10.65, hapo bado tozo ndogo ndogo, usajili, na hela ya wakala wa kuitoa bandarini. TRA wana kikokotoo chao mtandaoni, unaweka aina ya gari, mwaka na cc kinakupa jibu, tumia hicho, usitumie maneno ya mtu anayekuuzia.

Haya sasa twende kwenye gari zenyewe.

Namba moja kwangu ni Toyota Noah au ndugu yake Voxy, ila sio kila Noah. Ile ya 2001 mpaka 2007, wenyewe wanaiita AZR60, ndio imejaa mjini na ndio bei yake inavutia, lakini injini yake ni 1AZ-FSE, ile D4. Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu hapa ndio watu wengi wanapoliwa. D4 maana yake petroli inarushwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa sana, ina pampu yake ya presha na nozeli nyembamba, na kwa sababu petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa basi masizi yanaganda pale taratibu. Kwa Mjapani anayeweka mafuta masafi na kufanya sevisi kwa wakati haina neno. Huku kwetu kuna siku unaishiwa kijijini unaweka petroli ya kwenye chupa ya maji, ina vumbi, pengine ina maji au imechanganywa na mafuta ya taa, na pampu ya D4 haisamehe hilo. Gari inaanza kutetemeka ikiwa imesimama, inakosa nguvu kwenye mlima, fundi anabadilisha plagi haiponi, anabadilisha koili haiponi, hela yako inaisha kwa kubahatisha. Jambo la pili kwenye injini za familia hii ya AZ, hata ile 2AZ-FE ya 2.4 ambayo sio D4, bolti za silinda hedi upande wa nyuma zinaweza kulegea kwenye nyuzi zake, maji yanavuja kidogo kidogo gari inaanza kuchemsha, kwa hiyo gari yoyote yenye injini hizi mulika tochi nyuma ya injini uangalie alama za maji yaliyokaukia.

Kwa hiyo Noah ninayokwambia uchukue ni ile iliyoanza 2007 mpaka mwanzoni mwa 2014, ZRR70, na ukipata ZRR75 ambayo inavuta tairi zote nne ndio bora zaidi kwa vilima vyetu mvua ikinyesha. Injini ni 3ZR ya 2.0, haina habari za D4, iko chini ya cc 2,000 kwa hiyo ushuru ni ule wa 5%. Ikiwa 3ZR-FE ya kawaida ni rahisi zaidi kwa fundi kuliko 3ZR-FAE yenye Valvematic, mfumo unaobadilisha jinsi valvu zinavyofunguka, lakini hata hiyo sio ya kuikimbia. Watu saba au nane wanakaa, ukikunja siti za nyuma unapata sakafu ambayo inabeba magunia, mikungu ya ndizi, madumu ya mawese, na kwa anayetoka Kibirizi na dagaa wake hilo sina haja ya kumweleza. Tandika turubai lakini, mawese yakimwagika kwenye kapeti hayatoki. Ubaya wake ni wa kuujua mapema: iko chini, kama sentimita 16 hivi, kwa hiyo ikishajaa watu matuta unayapanda kwa ubavu, wengi wanaweka spesa, vile vipande vya kunyanyulia gari, na springi ngumu kidogo na inasaidia, ila usinyanyue kupita kiasi sababu ekseli zinachoka. Giaboksi ni CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, inataka oili yake maalum ya CVT, fundi akikwambia hii nyekundu ya kawaida inafaa tu ondoka hapo na gari yako. Na milango ya umeme ya kuvuta haipendi vumbi, safisha reli zake kila wiki.

Namba mbili naweka Toyota Kluger yenye siti saba, ile iliyotengenezwa 2000 mpaka 2007. Sikiliza, kuna Kluger za siti tano na za siti saba, uliza kabla ya kulipa maana kwenye picha ya nje zinafanana. Hii ni kwa familia ambayo nusu ya maisha yake iko kwenye vumbi, mtu wa Kakonko ndani ndani, au anayeshuka Ilagala kuelekea Kalya. Imenyanyuka, ni ngumu, ya 2.4 (injini ndio ile 2AZ-FE niliyoisema juu, usisahau tochi) ina giaboksi ya kawaida ya gia nne ambayo fundi yeyote anaielewa. Inakula mafuta, usidanganywe, ukiwa na familia ndani kwenye milima jiandae kwa kilomita 8 kwa lita, na bei kikomo ya mafuta ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati, kwa Kigoma kila mwezi iko juu ya ile ya Dar kwa sababu ya usafiri, hilo liweke kwenye hesabu yako ya mwezi. Ya V6 ya 3.0 achana nayo kabisa kama mshahara ndio huo huo tunaoujua.

Tatu ni Toyota Wish ya 1.8, ya 2003 mpaka 2009. Kama maisha yako ni lami, yani mjini, Kasulu, Manyovu, basi hii ndio itakuachia hela mfukoni, injini 1ZZ-FE imezoeleka kila gereji, mi niliyoitumia ilikuwa inanipa kilomita 12 kwa lita safari ndefu bila shida. Siti saba ipo ila ukweli ile safu ya nyuma ni ya watoto, mtu mzima mpaka Kasulu atashuka ameshika kiuno. Wakijaa saba buti inakuwa hakuna, unahitaji keria. Na iko chini, karibu sawa na Noah. Ile Wish ya 2.0 ya miaka hiyo ni D4 tena, rudi juu usome.

Nissan X-Trail naiweka ya nne, na ni gari ambayo naiheshimu, ile ya kwanza T30 na hata T31 iliyofuata zimenyanyuka kama sentimita 20, buti kubwa, za cc 2,000. Tatizo siti ni tano, na spea hapa mjini ni za kutafuta, mara nyingi unaagizia Kariakoo inakuja na basi, siku mbili tatu gari imelala. T31 nyingi ni CVT. Familia ya watu wanne watano ambayo ina subira ya spea, chukua.

Subaru Forester kwenye tope hamna wa kuigusa humu kwenye orodha, lakini injini zake za EJ20 zinatumia taimingi belti inayotakiwa kubadilishwa kwenye kilomita laki moja, na muuzaji hakwambii imefika ngapi. Kama huna fundi wa Subaru unayemjua kwa jina, hapana.

Toyota Harrier naiweka mwisho na najua nitagombana na watu. Ni gari nzuri, inatulia barabarani, siku ukitaka kuiuza inaondoka haraka. Ila siti tano, bei yake imebebwa na jina, na ile ya 2.4 ndani ni injini ile ile ya Kluger, sasa unaongeza mamilioni kwa ajili ya kitu gani wakati bibi bado atapanda bodaboda?

Ukishachagua, omba karatasi ya mnada wa Japan. Gredi 4 ni safi, 3.5 ya kawaida, ikiandikwa R au RA iligongwa ikatengenezwa, na kilomita za kwenye karatasi zifanane na za kwenye dashibodi. Kama unanunua iliyopo Dar tayari, namba ya chesesi ilingane na kadi, na uiwashe asubuhi injini ikiwa ya baridi, muuzaji akiwa ameshaiwasha kabla hujafika ujue kuna mlio hataki usikie.

Halafu safari ya kuileta. Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,200 kupitia Dodoma, Manyoni na Tabora, na gari inatoka melini na oili ambayo hujui ina umri gani na tairi ambazo zinaonekana mpya kwa sababu zilikaa kivulini. Angalia ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, 2314 maana yake wiki ya 23 mwaka 2014, hizo usipandie barabara na watoto ndani hata kama kashata zake, yale meno ya tairi, zimejaa. Badilisha oili Dar, nunua tairi Dar ambako bei ni nafuu, lala Dodoma, ukifika Tabora fungua boneti uangalie maji kabla ya kuanza kipande cha Kaliua na Uvinza, na ukiingia mjini kesho yake asubuhi ipeleke kwa fundi aingie chini aangalie bushi zote, sababu safari hiyo moja inatosha kumwonyesha zipi zilikuwa zimekwisha tangu Japan.