Kilomita 115 hadi kwa Mtume Yakobo: Je, Njia ya Sarria Inamfaa Anayetembea Kuchangisha?

Mwezi Mei mwaka jana nilitembea kwa siku tano kutoka mji mdogo wa Sarria hadi Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania, nikiwa na begi la kilo saba mgongoni na ahadi za watu 41 katika simu yangu. Ahadi hizo zilikuwa za kununua viti mwendo kwa ajili ya watoto wa shule moja ya msingi mkoani Tanga, na karibu zote zilitolewa kwa hesabu ya kilomita. Mmoja aliahidi shilingi 500 kwa kila kilomita, mwingine 1,000, naye shangazi yangu, ambaye hapendi hesabu za kumsumbua kichwa, alisema atatoa 100,000 kwa mkupuo: "Ukifika, mwanangu. Usipofika nitakutumia nauli ya kurudi."

Uzuri wa njia hii umekwisha kuelezwa na wengi, na sina nia ya kushindana nao. Ninataka kuipima kwa jambo moja tu, yaani namna inavyomtumikia mtu aliyebeba fedha za wenzake pamoja na nia yake mwenyewe. Kwa kipimo hicho ninaipa alama za juu, ila kuna mahali imenipa taabu, na taabu hizo sikuzitarajia.

Kwa asiyeifahamu, hii ni sehemu ya mwisho ya njia ya zamani inayowapeleka mahujaji kwenye kanisa kuu ambalo mapokeo yanasema limejengwa juu ya kaburi la Mtume Yakobo, mwana wa Zebedayo, lililogunduliwa katika karne ya 9. Baraza la Ulaya liliitangaza mwaka 1987 kuwa njia yake ya kwanza ya utamaduni, nayo UNESCO ikaiingiza sehemu ya Hispania katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1993. Sarria yenyewe haina heshima ya pekee katika historia hiyo. Watu huanzia pale kwa sababu ya kanuni: anayetembea kwa miguu anatakiwa kutimiza angalau kilomita 100 ili apewe hati ya hija, na Sarria iko takriban kilomita 115 kutoka kanisani. Matokeo yake ni msongamano. Mwaka 2024 ofisi ya mahujaji iliwahudumia karibu watu 500,000, na idadi kubwa kati yao walianzia hapo hapo nilipoanzia mimi, baadhi wakishushwa na mabasi ya watalii asubuhi huku wakiwa na vijibegi visivyotosha hata kanga moja.

Sifa kubwa ya njia hii kwa mchangishaji ni kwamba inajihesabu yenyewe. Wale wanaotoka katika jamii zetu wanajua ugonjwa wa michango: ahadi hutolewa kwa shangwe, kisha siku ya kutoa fedha kila mtu anataka kujua kama kweli jambo lilifanyika, lilifanyika wapi na nani alishuhudia. Njia ya Sarria hujibu maswali hayo kabla hayajaulizwa. Kila hujaji hubeba kijitabu cha mihuri kiitwacho credencial, ambacho nilikinunua kwa euro chache, na anapaswa kupiga mihuri isiyopungua miwili kwa siku. Mhuri hupatikana kanisani, hosteli na hata kwenye mgahawa unapokunywa kahawa, na kila mmoja una jina la mahali, nawe huandikiwa tarehe. Kila jioni nilipiga picha ya ukurasa wangu na kuituma kwenye kundi letu la WhatsApp, na mweka hazina wetu, mwalimu mstaafu asiye na utani katika mambo ya fedha, alizihifadhi kama risiti.

Juu ya mihuri kuna mawe. Kandokando ya njia yote ya Galicia, jimbo la Hispania lenye Sarria na Santiago, yamesimikwa mawe yenye alama ya kombe la baharini, mshale wa manjano na idadi ya kilomita zilizobaki, tena kwa nukta tatu za desimali, kana kwamba Mtume aliagiza apimiwe hadi mita ya mwisho. Jiwe la kilomita 100, lililo karibu na kijiji cha Ferreiros, limechafuliwa sana kwa maandishi ya wapita njia, lakini picha yake ndiyo iliyoamsha kundi letu. Watu waliokuwa kimya tangu kundi lianzishwe walijitokeza, na ndani ya saa chache wanne walipandisha ahadi zao. Sijui mbio za hisani wala chakula cha hisani kinachoweza kuwapa wachangiaji kitu cha kufuatilia saa kwa saa namna hii, kwa sababu mfuatiliaji aliyeko Korogwe huiona namba ikishuka sawasawa na anayetembea.

Kasoro yake ni kwamba vibao vya namba katika baadhi ya mawe vimebanduliwa na watu wanaotaka kumbukumbu ya kupeleka nyumbani, hivyo kuna vipande virefu ambapo jiwe lipo lakini namba haipo. Tena simu yangu, iliyohesabu hata hatua za kwenda dukani na kurudi, ilisema nimetembea kilomita 127. Ukazuka mjadala kama wachangiaji watozwe kwa simu au kwa jiwe, na mweka hazina akaamua kwa jiwe. Ninamshauri yeyote atakayefuata nyayo zangu aliandike jambo hilo kabla hajafunga kamba za viatu.

Kuhusu malazi, nililala usiku mbili katika hosteli za umma zinazoendeshwa na serikali ya jimbo la Galicia, ambako nililipa euro 10 kwa kitanda, na usiku mbili katika hosteli za watu binafsi kwa karibu mara mbili ya bei hiyo. Zile za umma hazipokei nafasi za kuwekwa mapema. Anayefika mwanzo ndiye anayelala, na taa huzimwa saa nne usiku. Ni safi, na shuka la kutumia mara moja hutolewa mlangoni, ila blanketi hakuna. Jambo moja nililolishangaa ni jikoni. Majiko yapo, sinki lipo, meza imesuguliwa inang'aa, lakini sufuria hakuna, wala kijiko. Mtu aliyepanga kubana matumizi kwa kupika wali atajikuta anakula mkate. Ningeshauri kubeba sufuria ndogo ya bati, na nafasi yake katika begi itafute kwa kuacha nyumbani shati la tatu, ambalo hutalivaa.

Sasa nifike kwenye suala la begi, kwa kuwa ndilo lililoniletea matatizo. Kwenye sehemu hii ya njia ni rahisi mno kulipa euro chache ili begi lako lichukuliwe kwa gari asubuhi na likusubiri unakolala. Siku ya tatu, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, kilomita 29 kutoka Palas de Rei hadi Arzúa, goti langu la kulia lilikuwa limevimba, nami nikalituma begi kwa kampuni moja ambayo sitaitaja. Jioni nilipofika, begi halikuwepo. Lilikuwa limepelekwa hosteli nyingine upande wa pili wa mji, na nililipata baada ya saa tatu za kupiga simu kwa Kihispania changu cha kuombea maji. Hilo nililisamehe, kwa kuwa makosa hutokea. Jambo gumu zaidi lilikuwa kuwaeleza wachangiaji. Niliandika ukweli katika kundi, na ndugu mmoja, aliyeahidi shilingi 500 kwa kilomita, akaomba kwa adabu kabisa zile kilomita 29 ziondolewe kwenye hesabu yake, kwa maoni kwamba aliahidi kumlipia mtu anayebeba mzigo, siyo anayetembea mikono mitupu. Ahadi yake ilishuka kutoka 57,500 hadi 43,000. Nilinuna kwa muda, kisha nikaona ana hoja. Njia inayomruhusu kila mtu kuchagua ugumu wake mwenyewe humlazimisha mchangishaji aseme mapema ni ugumu upi aliouahidi, na hilo mimi sikulisema.

Njia yenyewe kama njia haina ubishi. Imewekewa alama vizuri kiasi kwamba kupotea kunahitaji juhudi, na ile mishale ya manjano, ambayo padre Elías Valiña wa O Cebreiro alianza kuichora katika miaka ya 1980, huonekana kwenye kuta, miti na lami. Kuna misitu ya mialoni, vijiji vya mawe na maghala ya nafaka yaliyoinuliwa juu ya nguzo ili panya wasifike, ambayo mtu yeyote aliyewahi kuona kihenge atayaelewa bila kuelezwa. Portomarín, mwisho wa siku ya kwanza, ni mji uliohamishiwa mlimani katika miaka ya 1960 bwawa la Belesar lilipoufunika mji wa zamani, na kanisa lake la San Nicolás lilibomolewa na kujengwa upya jiwe kwa jiwe. Ukitazama kwa makini utaona namba walizoyapa mawe hayo. Baada ya Arzúa mikaratusi hutawala, na harufu yake wakati wa mvua ilinirudisha Lushoto nikiwa mtoto. Mvua, kwa kweli, haina msimu huko. Niliipata siku tatu kati ya tano, tena ni Mei. Kilomita za mwisho kabla ya Santiago zinavunja moyo kidogo, kwani zinazunguka uzio wa uwanja wa ndege na kisha kuingia kwenye vitongoji visivyo na lolote la kusemwa.

Pweza wa Melide anastahili aya yake. Mji huo uko mbali na bahari, lakini mahujaji wote husimama hapo kula pweza aliyechemshwa katika masufuria makubwa ya shaba, akakatwakatwa kwa mkasi na kutandazwa juu ya sahani ya mbao, kisha akanyunyiziwa chumvi ya mawe, paprika na mafuta ya zeituni. Mimi nimekulia Tanga na nilikaa mezani nikiwa na dharau iliyokomaa. Ni laini kuliko wetu, hilo nakiri. Lakini hana ndimu wala pilipili, na supu yake, ambayo kwetu ndiyo watu huifuata jioni, haikuletwa.

Kuhusu gharama ni lazima niseme bila kuzunguka. Kwa siku nilitumia takriban euro 45, pamoja na chakula cha jioni cha mahujaji ambacho huwa kati ya euro 12 na 15 kwa sahani mbili, mkate na kinywaji. Fedha hizo zote zilitoka mfukoni mwangu, na kamati ilitangaza hivyo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa mchango unaomlipia mchangishaji pweza si mchango. Mimi ninaishi Ureno, hivyo nauli yangu ilikuwa ya basi tu kutoka Porto. Kwa anayetokea Dar es Salaam au Nairobi hesabu inabadilika kabisa: ada ya viza ya Schengen peke yake ni euro 90, na tiketi ya ndege inaweza kuzidi mchango wote atakaoupata. Mtu wa namna hiyo akitaka kuhiji kwa ajili ya roho yake, na aende. Akitaka kununua viti mwendo, basi auze wazo la safari kwa ndugu yake aliyeko Ulaya, naye abaki nyumbani kusimamia orodha.

Huduma ya ofisi ya mahujaji mjini Santiago ndiyo bora kuliko zote nilizozipata. Ukijiandikisha kwanza kwa simu, unapewa namba, unaitwa, mhudumu anakagua mihuri yako ukurasa kwa ukurasa na kukuuliza sababu ya safari yako. Nilipojibu kwamba nimekuja kwa imani na pia kwa ajili ya watoto wasioweza kutembea, mama yule wa kujitolea aliacha kuandika, akauliza jina la shule, akalirudia mara mbili hadi akalitamka vizuri. Hati yenyewe, iitwayo Compostela, hutolewa bure na imeandikwa kwa Kilatini. Mchangishaji asiishie hapo. Kwa euro 3 kuna cheti cha pili, cha masafa, kinachotaja mahali ulipoanzia, tarehe na idadi ya kilomita, na hicho ndicho mweka hazina wetu alichokitaka. Kilatini alisema kinapendeza lakini hakijumlishiki.

Kanisani huruhusiwi kuingia na begi la mgongoni, kwa hiyo utafute pa kuliacha mapema kama unataka kuwahi misa ya saa sita mchana. Kundi zima lilikuwa linasubiri video ya kile chetezo maarufu, Botafumeiro, chenye uzito wa kilo 53, kinachovutwa kwa kamba na wanaume wanane na kupaa kutoka upande mmoja wa kanisa hadi mwingine. Hakikurushwa. Hurushwa katika sikukuu fulani, na siku nyingine kwa wale wanaolipia, na siku yangu haikuwa na sikukuu wala mlipaji. Niliwatumia video ya viatu vyangu mbele ya mlango, na shangazi akaitikia kwa kutuma 100,000 zake kabla sijatoka uwanjani.

Ahadi 36 kati ya 41 zimelipwa hadi leo. Viti mwendo viwili vimekwisha kufika shuleni, na cha tatu kinasubiri watu watano ambao majina yao yako kwenye kundi, mwalimu huyataja kila Jumapili jioni bila kuongeza neno. Kijitabu changu cha mihuri sinacho mimi. Anacho yeye, Tanga, ndani ya faili la risiti.